Rangi Nyeusi Upande wa Kushoto

Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala chini ya gari, limepinda kuelekea nje kama mguu ulioteguka nyonga, na mama yangu alikuwa bado amefunga mkanda. Kutoka kwenye boneti hadi barabara kuu palikuwa na hatua thelathini na moja. Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu mwenyewe, nikasimama ukingoni mwa lami, malori ya Zambia yakinipita moja baada ya jingine bila kupunguza mwendo. Dakika mbili mbele tungekuwa katikati yao.

"Tumefika?" mama aliuliza.

Jicho lake la kulia halioni kwa miaka mingi sasa. La kushoto, lile lililobaki, lilikuwa chini ya kifuniko cha plastiki chenye matundu, wiki ya tano baada ya upasuaji.

"Bado, mama. Gari limegoma."

"Limegoma kwa kuanguka?"

Nilizima injini, nikashuka kutazama.

Lakini mambo haya yalikuwa na mwanzo, na kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao katika ofisi moja hapa Mbeya, kwa hiyo nitayapanga yalivyofuatana.

Gari lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Yeye anaishi Iringa mjini na ana shamba la parachichi Kilolo, na njia ya kwenda shambani kwake haina huruma na gari dogo. Kwa hiyo alipolinunua alifanya wanachofanya wengi: alilinyanyua. Fundi wake aliweka spesa, zile pete nene zinazokaa juu ya springi, gari likasimama juu kama jogoo anayetaka kuwika. Alilitumia miaka minne. Alipopata gari kubwa zaidi, alinipa hili mimi.

Hakunipa kimyakimya. Alilileta nyumbani kwa mama, Igowole, siku ya Jumapili baada ya ibada, akalisimamisha uani, wajomba na mashangazi wakatoka nje. Nilipokea ufunguo kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama tulivyolelewa. Mwinjilisti wa mtaa akaweka kiganja juu ya boneti akaliombea gari na kila atakayepanda. Mama alilia. Baada ya sala ile, nani angethubutu kuingia chini ya gari kutazama alichopewa?

Hiyo ilikuwa kabla jicho halijaanza kumsumbua. Daktari aligundua kwamba presha ya jicho lake la kushoto imepanda mno, ileile iliyolimaliza la kulia. Walimpasua hapa Mbeya. Siku ya kumruhusu, daktari alinishika mimi, si yeye, akanipa masharti matatu kwa vidole: asiiname, asibebe ndoo, asitikiswe. Kwa muda wa miezi miwili.

"Anaishi wapi?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Barabara ikoje?"

Nikamwambia hilo pia. Akasema, "Basi mwendeshe polepole."

Mama alikaa kwangu siku kumi, akakataa ya kumi na moja. Kuku wake wangelishwa na nani, chai yake ingechumwa na nani. Tukapanga zamu: kliniki moja nitamfuata mimi kutoka Mbeya, inayofuata kaka atamleta akitokea Iringa. Kaka ndiye aliyemrudisha nyumbani mara ya kwanza, katika gari lake kubwa. Mimi nilibaki nikifikiria neno moja. Asitikiswe.

Tangu siku hiyo sikuendesha gari tena kama nilivyokuwa nikiendesha. Nilikuwa nalisikiliza. Na ukilisikiliza gari kwa hofu, litakupa cha kusikia. Nilianza kuisikia sauti kwenye matuta ya Uyole: ko, ko, chini ya miguu yangu, kama mtu anayebisha mlango ambao hana uhakika kama ni wake. Nikanunua daftari. Niliandika mahali, mwendo, na upande. "Uyole, tuta la pili, taratibu sana, kulia." "Mteremko wa Inyala, nikikanyaga breki, kulia." "Njia ya kazini, shimo la kwenye kona, kulia, mara mbili." Kurasa tatu zilijaa kwa wiki moja, na kila mstari uliishia na neno lilelile: kulia.

Jumanne, siku mbili kabla ya kliniki, nililipeleka kwa fundi ambaye gereji yake iko nyuma ya soko la Mwanjelwa. Ni mtu mzima, Mnyakyusa, anavaa miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na hufanya kazi peke yake kwa sababu, anasema, hajapata mtu wa kumvumilia.

"Dada, gari yako inaongea," alisema kabla sijazima injini.

"Inasemaje?"

"Inasema, huyu mama ananipeleka wapi na magoti haya?"

Nilimpa daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akanitazama juu ya miwani. "Wewe ungekuwa polisi."

Alianza kwa kuliegemea gari kila pembe, akilisukuma chini na kuliachia, akitazama litakavyoinuka. Likapanda mara moja na kutulia. "Shokapu bado inapumua vizuri," alisema. Akapiga jeki upande wa kulia, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha akaingiza mtaimbo chini ya tairi na kuinua kidogo kidogo. Akaniita niiname niangalie. Kwenye ncha ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini kuna kifundo wanachokiita bolijointi: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama nyonga ya mtu, ndicho kinachoruhusu gurudumu kukata kona huku likipanda na kushuka. Mtaimbo ulipoinuka, chuma kilipanda kikashuka, upana wa punje ya mchele.

"Hiyo ndiyo plei," fundi alisema. "Ndiyo inayokubishia hodi. Hii inatoka leo."

Akahamia kushoto. Jeki, mikono, mtaimbo. Hakuna kilichocheza. Alirudia kwa nguvu zaidi hadi gari lote likayumba juu ya jeki, lakini kifundo kilikaa kimya. Akafuta vumbi kwa kidole gumba na kukaa juu ya visigino vyake.

"Huyu kapakwa rangi."

Nilipiga magoti juu ya kipande cha boksi. Kweli. Chuma chote cha kulia kilikuwa na kutu na tope la Kilolo lililogandamana, lakini kikombe cha kushoto kilikuwa cheusi, chenye kung'aa, na kofia yake ya mpira ilikuwa mpya.

"Nani kampaka?"

"Kaka yangu alitengeneza Iringa."

"Aa, Wahehe bwana!" Alicheka hadi miwani ikaanguka kifuani. "Hadi bolijointi mnaipaka wanja!"

Nilicheka pia. Kisha akaacha kucheka, akakishika tena kile kifundo, akakizungusha kama mtu anayetafuta kitu ndani ya tunda bila kulimenya.

"Dada, mimi kitu kizee kisichocheza hata unywele nakiogopa. Upande wa kulia umekwisha. Upande wa kushoto umepita mashimo yaleyale, na haujasogea?"

"Labda kaka alibadilisha kushoto peke yake."

"Labda. Nifungue tuone?"

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na simu mkononi, na fundi alikuwa ameshashika spana. Lakini niliona uani kwa mama, mwinjilisti na kiganja chake, kaka akitazama pembeni ili asionekane amefurahi. Kumwita mtu baki afumue kazi ya kaka, halafu habari zifike Iringa kwamba nilikagua zawadi yake gereji ya Mwanjelwa? Na kama ingekuwa nzima, ningesema nini?

"Acha," nilisema. "Hiyo ni kazi ya kaka."

"Basi mpigie umuulize."

"Nitampigia."

Sikumpigia. Niliandika kwenye daftari: "Kushoto, rangi nyeusi, kofia mpya. Haina plei." Nikafunga daftari kana kwamba kuandika ni kuuliza.

Alinifungia bolijointi mpya ya kulia, na mchana uleule niliondoka kwenda Igowole. Sauti ilikuwa imekwisha. Nilipita Chimala, Igawa, Makambako, nikipanda kila tuta kwa makusudi nikitega sikio, na gari halikusema neno. Ningepaswa kufurahi. Badala yake mabega yangu yalikaza zaidi. Sauti ile nilikuwa nimeizoea, niliijua inakokaa, na sasa nilikuwa naendesha kitu kisichonieleza chochote. Ukurasa wa siku ile ulibaki mtupu.

Jumatano alfajiri Igowole ilikuwa na ukungu mzito na baridi ya kuuma masikio. Nilimkalisha mama mbele, nikampachika mto nyuma ya shingo, nikamfunika khanga mbili na koti la marehemu baba. Alikuwa ameshika kikapu mapajani, mayai yamefungwa kwenye majani ya mahindi, ya kunipelekea mimi ninayekaa mjini kwenye maduka.

"Endesha kama unabeba haya mayai," alisema. "Mimi nishike mayai, wewe unishike mimi."

Niliendesha hivyo. Kila bonde la udongo nililiingia kwa gurudumu moja moja. Kifuniko cha jicho lake hakikutikisika. Tulichukua muda mrefu mno kufika Nyororo, na nilipoona lami ya barabara kuu mbele nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu tulipoondoka. Mwendesha baiskeli mwenye gunia la viazi alikatiza mbele yetu. Nilipunguza mwendo hadi karibu kusimama, nikakata usukani kushoto kumpisha.

Ukasikika mlio chini yetu, kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Pembe ya kushoto ya gari ikashuka, usukani ukanichomoka mkononi, tukakwaruza udongo mita moja au mbili, tukasimama.

Mama hakupiga kelele. Mkono mmoja aliuweka juu ya kifuniko cha jicho, wa pili ukabaki kwenye kikapu. Yai moja lilipasuka.

Fundi wa pale Nyororo alikuja na pikipiki na mfuko wa salfeti uliojaa vyuma. Alitusalimia "Kamwene," akapiga jeki, akaingia chini hadi ikabaki miguu yake tu. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa ameshika kile kifundo cheusi, kichwa kimechomoka kwenye kikombe, na mdomo wa kikombe umefunguka kama kopo.

"Dada, hii imejazwa."

"Imejazwa nini?"

Alichokoa kwa bisibisi, kikatoka kipande kigumu cha plastiki ya buluu, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Akanieleza bila haraka, kama mtu aliyeeleza mara nyingi. Bolijointi ikiisha, wapo mafundi wanaofungua kikombe, wanayeyusha plastiki ya pipa, wanaimwaga ndani kuzunguka kile kichwa, wanaziba kwa kuchomelea, wanapaka rangi. "Gari iliyonyanyuliwa inakula sana hizi, kwa sababu inakaa imevutika muda wote. Kwa hiyo watu wa mashambani wanajaza. Inakaa mwaka, inakaa miwili. Siku moja ule mchomeleo unaachia."

"Lakini ilipimwa jana. Haikuwa na plei."

"Ndiyo ubaya wake, dada. Ikijazwa inakuwa ngumu kuliko mpya. Ukiipima itakusifu tu."

Mama alikuwa amekaa kando ya njia juu ya kiti cha kukopa, akisikia kila neno. Macho yalipopungua, masikio yake yalichukua zamu.

"Imejazwa na nani?" aliuliza.

Nilimwona akiyapanga mambo kichwani mwake, polepole, hadi akafika kwa mwanawe wa kwanza.

"Kaka yako hajui mambo ya chini ya gari," alisema hatimaye. "Yeye ni mtu wa parachichi."

"Najua, mama."

"Usimwambie. Alitoa kwa moyo mweupe. Akikuuliza, sema ni mashimo."

Yule fundi alikwenda Makambako kwa pikipiki kutafuta kifaa, akarudi, akafunga. Tulifika Mbeya jioni. Kesho yake daktari alimpima mama jicho kwa muda mrefu kuliko kawaida, au labda ni mimi niliyeona hivyo, akasema lipo salama. Kaka alipopiga simu kuuliza safari, nilimwambia gari lilisumbua kidogo upande wa mbele.

"Mashimo?"

"Mashimo."

Kipande cha buluu nilikiweka kwenye pochi, pamoja na sarafu.

Kliniki iliyofuata ilikuwa zamu yake. Alimleta mama mlangoni kwangu mchana, salama, amechangamka, kifuniko cha jicho kimekwishaondolewa. Wakati kaka ananawa mikono kwa ajili ya chakula, nilitoka nje kama mtu anayefuata ndala. Gari lake kubwa nalo limenyanyuliwa. Nilipiga magoti kwenye changarawe, nikawasha tochi ya simu.

Rangi nyeusi. Kulia na kushoto.

Nilikaa pale hadi magoti yakaniuma. Bolijointi mpya kutoka dukani nazo huja zimepakwa nyeusi, hilo nilikuwa nimekwisha kujifunza. Kwa hiyo rangi haikuniambia lolote. Nilijaribu kutafuta alama ya mchomeleo, lakini kofia za mpira ziliziba, na zilikuwa mpya.

Nilivunja agizo la mama mezani, kabla wali haujapoa.

"Kaka, lile gari ulilonipa, kushoto mbele, nani alitengeneza?"

"Fundi wangu wa Ipogolo, kule Iringa. Si ulisema mashimo?"

Nilitoa kile kipande nikakiweka kando ya sahani yake, nikamweleza yote, hatua kwa hatua, hadi zile thelathini na moja. Mama, ambaye jicho lake bado huona vitu vidogo kama vivuli, alinyoosha mkono. "Nipeni hicho." Alikisugua kwa vidole. "Ni kitu cha pipa," alisema, akakirudisha, akanigeuzia uso. Alinikasirikia, na nilistahili.

Kaka alikigeuza kile kipande mara nyingi. "Alinionyesha boksi," alisema. "Nililiona boksi jipya, kwa macho yangu."

"Ndani yake uliona nini?"

Alikirudisha kile kipande kando ya sahani. Nilimtazama kama ninavyowatazama watu kwenye vikao nikitaka kujua nani anasema asichokiamini, na bado sijui nilichokiona.

"Na hili la sasa?" niliuliza. "Yuleyule?"

"Yuleyule."

"Twende Mwanjelwa. Afungue tu. Nusu saa."

"Unataka Mnyakyusa wako anifumulie gari mbele ya mama?" Alisema kwa sauti ya utani, lakini alikuwa amesimama. "Nimekusikia, mdogo wangu. Nitamwambia fundi wangu aangalie."

Baada ya kliniki mama alibaki kwangu. Hilo angalau tulikubaliana, ingawa sababu tuliyoisema wote watatu ilikuwa baridi ya Igowole. Kaka alirudi Iringa peke yake. Sikulala hadi aliponiandikia kwamba amefika.

Wiki tatu zimepita. Kuku wa mama wanaliwa na kicheche, jirani amepiga simu mara mbili, na mama ametangaza kwamba Jumamosi anarudi kwake. Kaka anakuja kumchukua. Nilisema nitampeleka mimi. Akasema ni zamu ya kaka, na zamu ni zamu.

Jana usiku kaka alinipigia. Alikuwa mchangamfu, kama mtu aliyemaliza deni la maneno. Alisema fundi wake wa Ipogolo ameliangalia gari lote, amepiga jeki pande zote mbili, ametikisa kwa mtaimbo yeye akiwa amesimama hapohapo.

"Kwa hiyo tulia," alisema. "Halina plei hata kidogo."

Nilimuuliza kama alifungua. Alisema mtandao unakatika.

Kikapu cha mama kipo mlangoni tangu asubuhi.